Mtoto wa Gredi ya 2 Si Kontenti Yako

Wasee, leo tuongee kuhusu zile video za watoto wa shule. Unazijua. Muziki wa huzuni, kamera inaanza kwa miguu isiyo na viatu, inapanda polepole hadi kwa sweta iliyotoboka, halafu inasimama kwa uso wa mtoto ambaye hata hajui anarekodiwa ya nini. Chini kuna maandishi: jina lake, gredi yake, shule yake, na ati mamake alitoroka. Mwisho mtu mzima anatokea akitabasamu, anampa mkate na soda, na laiki zinamiminika.

Msimamo wangu ni huu: habari za shule ndogo zipostiwe, tena kwa wingi. Lakini shida za nyumbani kwa mtoto si habari za shule, na uso wake si mali ya mwenye simu.

Mimi ni wa Endebess. Kama hujawahi kufika, ukitoka Kitale unashika barabara ya Suam, ile inayoenda hadi mpaka wa Uganda. Mlima Elgon uko mbele yako, mahindi kushoto na kulia. Watalii hupitia hapa wakienda lango la Chorlim kuona mapango kama Kitum. Na shule zetu ndogo zina mengi ya kusimulia: watoto wamepanda miche, timu imetoka sare na shule jirani, kwaya inajiandaa kwa tamasha la muziki, wazazi wameleta mahindi na maharagwe ndio githeri ya chamcha isikatike. Hayo yote weka, na mimi nitalaiki.

Juzi nilikuwa napitia ukurasa wa shule moja ndogo ya pande zetu, jina nitaliacha. Posti za kwanza zilikuwa poa sana, nyimbo na michezo. Nikashuka kidogo, nikapata msichana wa Gredi ya 2. Jina lake lote, kijiji chao, na maelezo kwamba babake ni mlevi. Jameni! Huku tunajuana. Kabla ya jioni hadi watu wa steji ya boda walikuwa wanajua ni mtoto wa nani. Labda huyo baba anakunywa kweli. Lakini nani aliuliza huyo msichana kama anataka darasa zima lijue?

Utaniambia, "Lakini alikubali, hata alitabasamu." Mtoto wa miaka saba akiambiwa na mwalimu asimame hapa, anasimama. Akiambiwa acheke, anacheka. Hiyo ni adabu tu, usiite idhini.

Na haya si maoni yangu pekee. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka vitu viwili kabla hujatumia data ya mtoto. Kwanza, mzazi au mlezi akubali. Pili, matumizi yenyewe yalinde na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto. Picha ni data, jina pia ni data. Na lazima vitu vyote viwili viwepo, kwa hivyo hata mamake akisema sawa, posti ikimdhalilisha mtoto bado uko kwa makosa. Katiba nayo, kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza kwa kila jambo linalomhusu.

Kama unadhani hizo ni hadithi za makaratasi, angalia kilichotokea Nairobi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sasa piga hesabu na mimi. Mgao wa serikali kwa mtoto wa shule ya msingi ya umma ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Hiyo faini moja ni sawa na mgao wa watoto zaidi ya 3,200. Shule ndogo ya huku ikipigwa hata robo yake, itatoa wapi?

Najua walimu wakuu watanijibu nini, na si jibu la kupuuza. Hizo 1,420 hazitoshi, na shule nyingi za jamii zisizo za umma hazipati hata hizo. Githeri inataka pesa. Mfadhili aliye mbali anataka kuona pesa yake imefanya nini, na amezoeshwa kutoa akiona machozi. Nyuso zikiondoka kwa ukurasa, nani atalipa mpishi?

Swali ni la haki. Lakini huo uso haumwambii mfadhili chochote kuhusu pesa yake. Haumwonyeshi kama madawati yalinunuliwa. Basi mwonyeshe sufuria, gunia na risiti. Mwonyeshe darasa kabla ya mabati mapya na baada. Piga picha mikono midogo ikishika miche, au watoto kwa nyuma wakikimbia uwanjani. Rekodi mwalimu mkuu akieleza ni watoto wangapi walikula shuleni wiki hii. Mtu mwenye nia ya kusaidia ataelewa zaidi hapo kuliko kwa sura ya mtoto anayelia.

Halafu kuna ile siku ya furaha, kwaya imeshinda na mtoto mwenyewe anataka aonekane. Hapo pia kuna njia. Muhula ukianza, wazazi wakija mkutano, fomu iwe tayari kwa Kiswahili. Isomwe kwa sauti ndio kila mtu aelewe. Iseme picha itaenda wapi, na kwamba mzazi akibadilisha nia, picha itatolewa. Na yule atakayesema hapana, mtoto wake asinyimwe kitabu wala uji kwa sababu hiyo. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Sisi wenye simu pia tusijifanye hatuhusiki. Ukialikwa shuleni, usiingie kama mtu anayewinda. Jina kamili, sare yenye nembo na jina la mahali, ukiviweka pamoja umempa mtu usiyemjua njia ya kumpata huyo mtoto kila jioni akitoka shule. Na hata ukifuta baadaye, kuna mtu ameshaihifadhi.

Fikiria pia miaka kumi mbele. Yule msichana wa Gredi ya 2 atakuwa sekondari, ana simu yake. Siku moja mtu atachimbua hiyo posti na kuirusha kwa grupu la darasa. Unajua venye vijana huchekana. Wewe utakuwa umesahau zile laiki kitambo. Yeye ndiye ataitwa "mtoto wa mlevi" hadi amalize shule.

Kwa hivyo nyinyi mnaosimamia kurasa za shule, wikendi hii kaeni chini mzipitie. Posti zilizotaja shida za mtoto kwa jina, futeni. Za miche, mpira na kwaya, ongezeni. Mkinitag, nitazishea kwa wafuasi wangu wote bila kuitisha hata bob.