Mgeni wa Kujitolea Apewe Jembe la Lugha

Kila ifikapo miezi ya Juni na Julai, vijana wa makanisa ya Marekani na Uingereza huwasili humu nchini makundi kwa makundi. Huja kwa safari za umisheni za siku kumi au wiki mbili. Hupaka madarasa rangi, huimba na watoto, hugawa kalamu na mipira, kisha hurejea kwao. Aghalabu wenyeji wao ni shule zetu za msingi na makao ya mayatima.

Si nia yangu kuwabeza vijana hao. Kijana anayeitoa likizo yake na kuchangisha nauli ili awatumikie watu asiowajua anastahili heshima. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu kwa walimu wenzangu ni hili: mwenyeji ataponaje ikiwa yeye na mgeni wake hawasemezani?

Mimi hufundisha isimu, na kwa maoni yangu tatizo hili ni la lugha kwanza. Hebu tazama kazi wanazopewa wageni hao. Mara nyingi ukuta hupakwa rangi si kwa kuwa rangi ndiyo haja kuu ya shule, bali kwa kuwa ukuta hausemi. Huenda shule ikahitaji mtu wa kuketi na mtoto ambaye kusoma kumemshinda. Lakini kazi hiyo yataka maneno, na maneno hayakutiwa katika mizigo ya safari. Basi kazi hupimwa kwa kipimo cha mgeni, si cha mwenyeji.

Watakuwapo watakaosema kwamba Kiingereza ni lugha rasmi nchini na hufundishwa shuleni. Ni kweli. Walakini, mtoto wa darasa la pili, au nyanya yake aliye nyumbani, hamwelezi mtu shida zake kwa Kiingereza. Asiyeweza kuuliza wala kukataa hubaki kuwa wa kupigwa picha tu.

Mambo hayakuwa hivi tangu awali. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alifiwa na mkewe na mtoto wao mchanga. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Yaani mmisheni Mkristo alikuwa mwanafunzi wa mwanachuoni Mwislamu! Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1850, na kamusi yake mwaka 1882, baada ya yeye kufariki. Twaweza kumkosoa Krapf kwa mengi, hasa alivyozitazama mila zetu, lakini hatuwezi kusema kwamba alikuja kutusemea bila ya kutusikiliza.

Najua wiki mbili hazitoshi kujifunza lugha. Lakini safari hizi hupangwa miezi mingi kabla, na miezi hiyo yatosha kujifunza salamu, kuuliza na kushukuru. Hata Peace Corps, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1961, huwafunza watu wake lugha ya wenyeji kabla ya kuanza utumishi wao wa miaka miwili.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwalimu mkuu anayepokea barua ya wageni ajibu kwa kuwataka wajifunze Kiswahili kabla ya kuja, na shule yenyewe ndiyo itaje kazi inayohitajika. Pili, kila asubuhi wageni waketi darasani kwa saa moja wakifunzwa na wanafunzi wetu. Tangu mwaka 2021 UNESCO imeitambua tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wageni watakaokuwa nchini siku hiyo wasimame na kusema machache waliyojifunza. Mtoto aliyezoea kupokea kalamu ataonja fahari ya kutoa elimu.

Nanyi wanafunzi wa vyuo vikuu mwendao misheni Turkana au Sudan Kusini, kanuni hii yawahusu pia. Msidhani Kiingereza au Kiswahili chenu kitafungua kila mlango.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kwanza la mgeni wa kujitolea liwe lugha ya mwenyeji wake.