Sarafu za Mtoto na Maneno ya Wakubwa

Mzazi akimsifu mwanawe wa miaka mitano, sifa ya kwanza huwa kuhesabu: anafika mia moja bila kukwama. Ndipo linapozaliwa dai la kwanza, kwamba mtoto anayejua kuhesabu anajua pesa. Hajui. Mwagia mezani sarafu tatu za shilingi moja na moja ya shilingi ishirini, kisha muulize ni pesa ngapi. Atazigusa moja moja na kukujibu: nne. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Yeye amehesabu vitu, nawe ulimuuliza thamani. Mpaka siku hiyo kila alichokihesabu, maembe, vidole, ngazi za nyumba, kilikuwa kimoja kwa kimoja. Sasa anaambiwa kipande kimoja cha chuma ni ishirini.

Sarafu zetu za Kenya nazo zinamchanganya zaidi. Shilingi moja ni pana kuliko shilingi tano. Zilaze pamoja uone. Mtoto anayechukua ile moja na kukuachia tano ametumia akili aliyo nayo: kikubwa ndicho kingi. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza katika kitabu cha mwaka 1941 jinsi watoto wadogo wanavyoona safu mbili zenye idadi sawa, kisha wakadai ile iliyotandazwa zaidi ndiyo yenye vingi. Mtoto wa Tanzania ana nafuu kidogo, kwa kuwa hamsini, mia, mia mbili na mia tano zinapanda ukubwa pamoja na thamani. Lakini naye sharti ajue kuruka hamsini hamsini kabla hajanunua hata barafu.

Kinachosaidia hapo ni kubadilishana. Mtoto akupe sarafu tano za shilingi moja, umpe moja ya tano. Kisha arudishe hiyo tano, apate zake. Akishatosheka na mchezo huo, na watoto huutaka mara nyingi kuliko subira ya mkubwa inavyoruhusu, mpandishe: tano mbili kwa kumi moja, kumi mbili kwa ishirini. Tarakimu asome baadaye. Kwanza mkono wake ujue kwamba nyingi zaweza kuwa sawa na moja.

Wapo wasemao njia ya mkato ni picha: twiga ni moja, kifaru ni tano, simba ni kumi, ndovu ni ishirini. Ni kweli kwa sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018, baada ya Katiba ya 2010 kukataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Ila sarafu za zamani hazikuondoka sokoni. Mtoto aliyekariri wanyama atapewa kumi yenye kichwa cha Mzee Kenyatta, aikatae, au aione sawa na ishirini yenye kichwa hichohicho. Tena ukigeuza hizo mpya, zote zina nembo ya taifa. Picha zimfurahishe, sina neno, asisomee kwazo.

Dai linalovuma siku hizi ni kwamba sarafu zimepitwa, kila kitu ni M-Pesa. Tangu 2007 huduma hiyo imebadilisha mifuko yetu, hilo halina ubishi. Lakini mtoto anaona nini mama anapolipa kwa simu? Kidole kinabonyeza, unga unakuja, na simu inarudi mkobani ileile, haikupungua chochote. Kwake ni kama duka linatoa bure. Sarafu ikitoka mkononi imetoka, na hilo hata wa miaka minne analielewa. Simu itamfaa akishajua kuna kitu kinachopungua humo ndani.

Hofu ya wazee kwamba mtoto akishika pesa ataingiwa na tamaa naiheshimu, ila siioni ikitokea kwa njia wanayoidhani. Anayelilia kila kitu dukani mara nyingi ni yule ambaye hajawahi kuona pesa ikimwishia. Ninachokihofia mimi ni kingine: sarafu na mtoto wa chini ya miaka mitatu visikae chumba kimoja, maana zitaishia kooni. Kwa wakubwa kidogo, zioshe kwa sabuni kabla ya mchezo. Zimepita mikono ya makanga wangapi!

Kibubu nacho? Kizuri kwa kuweka akiba, lakini sarafu iliyotumbukizwa humo haionekani wala haibadilishwi. Na wanaosema kazi hii ni ya shule wana haki nusu: pesa imo katika hisabati ya Gredi ya 1, miongoni mwa vipimo. Mwalimu wa darasa lililofurika hawezi kumpeleka kila mmoja dukani.

Huko dukani ndiko wazazi wengi wanakokosea, wakishikilia kwamba mtoto apewe pesa kamili asije akapunjwa. Akipewa kumi kwa mabuyu ya kumi, amebeba ujumbe tu. Mpe ishirini, na kabla hajavuka mlango muulize atarudi na nini. Mfundishe pia kuzihesabu palepale mbele ya mwenye duka, kwa adabu, kwa sababu chenji ikikosekana atatiliwa peremende kiganjani, na asiyejua alichokuwa anadai atasema ahsante na kuondoka akidhani amepewa zawadi.