Waya wa projekta si somo

DAWATI LA NYUMA
Na Zuhura Mbwana

Mwezi uliopita nilikaa dawati la nyuma katika darasa la kidato cha pili. Somo Biolojia, mada mzunguko wa damu. Mwanachuo wa ualimu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha aliingia na projekta ya kuazima. Dakika kumi na tano zikaishia kwenye waya uliogoma. Picha ilipotokea ukutani, kumbe ni notsi zilezile za kitabuni. Wanafunzi wakainama, wakanakili.

Kesho yake akaja mwenzake, mkononi ana simu tu. Akawaambia wanafunzi waguse mshipa wa kifundo cha mkono, akabonyeza saa ya simu, wakahesabu mapigo kwa dakika moja. Wakaruka papo hapo, wakahesabu tena. Namba zikapanda ubaoni, na ubishi ukaanza: mbona yangu imezidi yako?

Wote wawili wanatoka chuo kimoja. Nilipomuuliza wa pili mbinu ile kaitoa wapi, alisema mkufunzi wake wa Biolojia ndivyo anavyowafundisha.

Hapo ndipo penye kidonda. Vyuoni TEHAMA tumeipa kipindi chake na mtihani wake. Mwanachuo anataja sehemu za kompyuta, anafaulu, kisha anarudi kwa wakufunzi wanaosoma notsi naye akiandika. Mtu hufundisha alivyofundishwa. Baada ya Sensa ya 2022 serikali iliwapa walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani. Jambo jema, ila kishikwambi hakiji na mbinu ndani yake.

Ninaomba mawili. Kwanza, mkufunzi wa kila somo, awe wa Historia au Hisabati, atumie kifaa mbele ya wanachuo wake, wamwone anavyokwama na anavyojinasua. Pili, anayekwenda kukagua mazoezi ya kufundisha asitoe alama kwa sababu projekta ipo. Afungue andalio la somo, aulize: umeme ukikatika katikati ya kipindi, utaendeleaje? Na kifaa hiki kinampa mtoto nini ambacho chaki haikiwezi?

Maana siku zile mbili mkaguzi alikuwapo, amekaa dawati la jirani na langu. Mwenye projekta alipewa alama nzuri kwenye kipengele cha zana. Mwenye simu aliandikiwa: "Hakutumia teknolojia."