Kiboko Hakitibu Sonona

Kaa kwenye kikao chochote cha wazazi hapa Segerea. Mazungumzo yakifika kwa vijana wa sekondari waliobadilika tabia, majibu ni yaleyale. Mtoto aliyekuwa wa tano darasani sasa ni wa arobaini, hali na wenzake, usiku hapati usingizi: huyo kadekezwa, au karogwa, au simu imemharibu. Wanaosema hivyo ni watu wanaowapenda watoto wao, na wengine ni jirani zangu. Lakini maneno hayo yanaumiza watoto, ndiyo maana nayajibu.

Dai la kwanza ni kwamba sonona na msongo wa mawazo ni mambo ya kizungu, zamani hayakuwepo. Zamani ipi? Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, katika mkoa wa Kagera wa leo, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikachanganyika na kilio na hofu, kikawapata wanafunzi 95 kati ya 159, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Madaktari Rankin na Philip walichunguza, na katika taarifa yao ya 1963 hawakupata sumu wala vijidudu vilivyoweza kueleza hali ile. Wataalamu waliofuata wameona pale msongo mkubwa wa wasichana wadogo walioishi mbali na kwao chini ya nidhamu kali. Kashasha hapakuwa na simu ya mkononi.

Leo wasichana wakianguka na kupiga kelele shuleni, tunasema mapepo. Mwombee mwanao, sina ugomvi na dua wala sala. Ukishamwombea, muulize pia kule shuleni kuna nini.

Kisha linakuja la fimbo: “Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.” Hapa sitapita haraka. Tunaosema hivyo ni sisi tuliofika kwenye kikao. Wenzetu walioacha shule kwa kuogopa viboko hawamo ukumbini kutoa ushahidi wao. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walikuwa wamewahi kupigwa na mzazi au mlezi, na waliopigwa zaidi ndio walioonyesha ugomvi na ukaidi zaidi. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kutuambia kipi kilianza, kipigo au ukaidi. Ila kiboko kingekuwa dawa, waliokipata kwa wingi ndio wangekuwa watulivu kuliko wote.

Sheria nayo haisemi tunavyodhani. Kanuni za viboko shuleni zinampa mkuu wa shule mamlaka ya kuchapa, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe. Mwalimu anayetembea na fimbo koridoni akimchapa kila aliyechelewa anavunja kanuni, hata kama wazazi tunampigia makofi. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi huko Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake, na mwaka uliofuata mahakama ikamtia mwalimu huyo hatiani.

Njia nyingine ipo, na wala haikutoka ng'ambo peke yake. Mabula Nkuba wa chuo cha DUCE, pale Chang'ombe, Temeke, alishirikiana na Hecker kuwafundisha walimu wa sekondari za serikali namna ya kuongoza darasa bila kupiga. Matokeo yalitoka 2018: walimu waliofundishwa walipunguza ukatili, na waliothibitisha hilo ni pamoja na wanafunzi wenyewe.

“Ni simu tu.” Simu ina sehemu yake, sikatai, hasa ikilala kitandani na mtoto. Lakini simama kituo cha Segerea Mwisho saa kumi na moja alfajiri. Watoto wenye sare wanaikimbilia daladala, konda kaweka mkono mlangoni, anahesabu: wanafunzi wawili tu, kwa sababu nauli yao ni shilingi 200 na kiti anakitaka cha mtu mzima. Jioni tuisheni, usiku kazi za shule hadi saa tano. Kijana wa umri huo anahitaji kulala saa nane hadi kumi. Huyu amelala tano. Ukimwona anasinzia na kununa, utaishtaki simu pekee?

Hapo utajibiwa kwamba mtihani kwanza, mengine baada ya kidato cha nne. Januari 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Kama Baraza limeweza kuacha kuwapanga watoto kwa namba, na sisi sebuleni tunaweza kuacha kumlinganisha binti na mtoto wa jirani.

Lipo dai linalonitisha kuliko yote: kwamba ukimuuliza kijana kama anawaza kujiua, unamtia wazo kichwani. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu. Mara nyingi kunampunguzia mzigo. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, na usimkemee kwa atakachojibu. Kinachozidisha ukimya ni hofu ya aibu na hofu ya polisi, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Natamani Bunge letu lilitazame hili.

La mwisho: hatuna wataalamu. Ni kweli ni wachache. Lakini huko Kenya, vijana wa miaka ishirini hivi waliopewa mafunzo mafupi na mradi wa Shamiri walikutana na wanafunzi wa sekondari mara nne tu, kwa vikundi. Jaribio lililohusisha vijana 413, lililochapishwa 2021, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Makali yakizidi, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba ana tatizo la afya ya akili. Kwa darasa la wanafunzi sabini, hao ni kumi. Basi bodi za shule zetu zimpe mwalimu wa ushauri na unasihi chumba chenye mlango unaofungika na zimpunguzie vipindi. Nawe mzazi, mwandikie mwanao namba 116 mahali anapoiona. Ni simu ya huduma kwa mtoto, na kupiga ni bure.