SHAURI LA JUMA: Uzee wa Bwawa na Daftari Lake

Wengi wenu mkaao Migori na Homa Bay mwalijua bwawa la Gogo, lililojengwa katika mto Kuja miaka ya 1950 ili kuupatia umeme mgodi wa shaba wa Macalder. Mgodi ule ulifungwa katika miaka ya 1960, bali bwawa limebaki kazini. Mitambo yake ya megawati 2, iliyo chini ya kampuni ya KenGen, huingiza umeme katika nyaya za nchi nzima. Ukuta umekwisha kuvuka miaka 60, na chini yake mto hushuka hadi nchi tambarare ya Nyatike, ambako watu wamejenga, wanalima na kuchunga, kisha huingia ziwani.

Basi ni halali kuuliza: usalama wa bwawa la umri huo hupimwaje? Hatusemi kwamba ukuta wa Gogo una kasoro, maana neno hilo ni la mainjinia wanaoukagua. Twasema tu kwamba umri peke yake si ugonjwa. Ziko kuta kongwe kuliko huo zisimamazo imara katika nchi nyingi, na yako malambo machanga yaliyobomoka. Jambo kubwa ni kwamba bwawa litazamwe mara kwa mara, na yaliyoonekana yaandikwe.

Chukueni mfano wa ufa katika ukuta wa saruji. Mtu auonaye leo kwa mara ya kwanza hawezi kujua kama ulikuwapo tangu saruji ilipokauka, au kama umezaliwa na mvua iliyopita. Lakini ukitiwa alama mbili, moja kila upande, na nafasi iliyo kati ikapimwa kila mwezi na kuandikwa pamoja na tarehe na kimo cha maji, ufa utajieleza wenyewe. Ukizidi kutanuka, injinia na aitwe upesi. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nao walisema kweli; lakini aufichaye kwa lipu kabla ya kuupima, huyo amemziba mdomo shahidi.

Hali kadhalika malambo ya udongo tunyweshayo ng'ombe wetu vijijini. Maji kidogo yakichujika chini ya tuta, yakiwa maangavu na kiasi chake hakibadiliki, huenda yasiwe na hatari. Yakigeuka kuwa ya tope, jueni kwamba yanabeba udongo kutoka ndani ya tuta lenyewe, na hapo pana hatari kubwa. Tazameni pia mfereji wa kutolea maji ya ziada, usizibwe kwa majani wala kwa uzio wa mtu. Maana maji yakikosa njia hupita juu ya tuta na kulikata kwa muda mfupi. Njia ya ng'ombe juu ya tuta huacha bonde, na hapo ndipo mafuriko yatakapopita kwanza. Miti mikubwa isiachwe kuota juu yake, kwa kuwa mizizi ikioza huacha mashimo, sawa na mashimo ya fuko.

Tusidhani mambo haya ni madogo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua nyingi, lambo la Patel huko Solai katika Nakuru lilipasuka, na watu wasiopungua 47 wakafa. Lilikuwa lambo la udongo la shamba moja, lakini waliokufa walikuwa watu wa vijiji vilivyo chini yake. Hiyo ndiyo sababu akaaye chini ya bwawa ana haki ya kuuliza hali yake, hata kama bwawa si mali yake.

Tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2016, Mamlaka ya Rasilimali za Maji ndiyo isimamiayo matumizi ya maji ya mito na malambo. Wakaguzi wake hawawezi kuwa kila mahali kila siku, wenyeji wapo. Yafaa basi kila kijiji chenye lambo kichague mtu mmoja wa kulizunguka kila juma, na kila siku wakati wa mvua za masika, mwenye daftari la shilingi chache. Aandike kimo cha maji, rangi ya maji yachujikayo, nyufa na mashimo. Akiona mabadiliko, ampelekee chifu habari siku hiyo hiyo, naye aifikishe ofisini. Watu nao wakubaliane mapema ishara ya hatari na kilima cha kukimbilia.

Mchungaji asiyejua kusoma huyaona maji ya tope kabla ya mtu yeyote, maana yuko pale kila siku. Ajuaye kuandika na amwandikie.