Kijiji kilichochomwa katika filamu ya «The African Queen»: wakaaji wake walienda wapi?

Mwaka 1951, watu wa sinema kutoka Marekani na Uingereza waliingia Kongo ya Wabelgiji kutengeneza filamu ya vita. Walifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha wakapanda treni hadi Ponthierville, mji ambao sasa unaitwa Ubundu. Picha nyingi za mtoni walizichukua huko, kwenye mto Ruiki. Kazi iliyobaki waliifanya Uganda na London. Filamu hiyo ni The African Queen, na hadi leo inahesabiwa kati ya filamu kubwa za Hollywood.

Hadithi inaanza mwezi wa Septemba 1914, katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Wanajeshi wanaingia kijijini. Wanachoma nyumba na kanisa, wanawakusanya wakaaji na kuwapeleka kwa nguvu. Mmisionari Mwingereza anapigwa, anaugua, anakufa. Dada yake Rose anachukuliwa na mwenye mashua aitwaye Charlie Allnut, na hao wawili wanateremka mto wakiwa na nia ya kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani.

Filamu inachukua karibu saa moja na dakika 45. Baada ya moto ule wa mwanzo, wakaaji wa kijiji hawaonekani tena. Mtazamaji anajua Rose alikunywa chai gani na alimwaga chupa ngapi za pombe ya Charlie mtoni, lakini mama aliyefukuzwa nyumbani kwake na watoto hajui alilala wapi usiku ule.

Kwa familia iliyotoka Masisi, Djugu, Fizi au Nyunzu, hilo si jambo dogo. Wao wanajua kwamba moto ukishazimika ndipo vita vinaanza kwa raia: kutafuta mtoto aliyepotea njiani, kulala katika darasa la shule, kungoja jina lisomwe kwenye orodha. Filamu inayoacha sehemu hiyo imeacha sehemu kubwa ya vita.

Haki lazima itendeke pia kwa waliotengeneza filamu, maana hawakucheza. Mkurugenzi alikuwa John Huston. Sam Spiegel alisimamia utengenezaji. Huston aliandika mchezo pamoja na James Agee, wakifuata kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Humphrey Bogart alikuwa Charlie, na kwa kazi hiyo alipata Oscar yake pekee. Katharine Hepburn alikuwa Rose, naye alipendekezwa kwa Oscar. Kamera ilikuwa mikononi mwa Jack Cardiff. Siku zile, kamera ya rangi ilikuwa mzigo mkubwa na mzito, na kuileta msituni penye joto na unyevu ilikuwa kazi ya watu wenye moyo.

Walijenga kambi porini. Siafu waliwavamia. Maji machafu yaliwaangusha karibu wote kwa ugonjwa wa tumbo, Hepburn akiwa mmoja wao. Bogart na Huston walipona, wakatania kwamba whisky ndiyo iliyowakinga. Lauren Bacall, mke wa Bogart, mwenyewe mwigizaji mkubwa, hakuwa na sehemu katika filamu hiyo, lakini aliwasaidia wagonjwa na kupika. Mambo haya yote yanajulikana kwa sababu wenyewe waliyasimulia. Hepburn aliandika hata kitabu kizima juu ya safari hiyo, kikatoka mwaka 1987.

Lakini pale Ruiki hawakuwa peke yao. Kambi ya mianzi na majani ilihitaji mikono. Kulikuwa na mbao za kubeba, chakula cha kutafuta, na vyelezo vya kusukuma mtoni vikiwa vimebeba kamera, taa na mashine ya umeme. Usiku mmoja, mashua yenyewe ya African Queen ilizama. Watu walishika kamba wakaivuta hadi ikatoka majini, na kazi ikaendelea. Bila mikono ile, filamu ingebaki chini ya maji ya Ruiki.

Ni nani hao waliovuta? Waigizaji waliotajwa kwenye filamu ni Wazungu, hata wale wenye maneno machache. Anayetaka kujua nani alichora mandhari au nani alipaka waigizaji rangi usoni atapata jina. Anayetaka kujua nani wa Ubundu alishika kamba hatapata kitu.

Jambo hili lilikuwa limetokea hata katika vita vyenyewe. Kitabu cha Forester kina mizizi katika tukio la kweli. Mwaka 1915, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, ili kupigana na Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Ziliposhushwa kwenye reli huko Fungurume, zilivutwa kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu kupitia milima ya Mitumba, kisha zikaenda Bukama, Kabalo, na mwisho Lukuga, yaani Kalemie. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliteka meli ya Wajerumani iitwayo Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakazamisha Hedwig von Wissmann. Jina la kamanda, Spicer-Simson, limeandikwa katika vitabu vingi. Waliokata barabara na kujenga madaraja pale Mitumba wanaitwa tu «wapagazi». Na katika vita hivyo, jeshi la koloni lilichukua wapagazi Wakongomani zaidi ya 200,000.

Wengine watajibu kwamba filamu ni ya kufurahisha watu, na kwamba hadithi haiwezi kumfuata kila mtu. Ni kweli. Huston alitaka kusimulia mapenzi ya watu wawili ndani ya mashua, na alifaulu. Hakuna anayedai aifanye upya. Tatizo ni mazoea. Mtu akizoea kuona kijiji kinaungua mwanzoni ili safari ya wengine ianze, atasikiliza habari za leo vilevile. Atauliza kamanda gani ameteka mji gani. Hatauliza waliotoka mji ule wamefika wapi.

Ukweli wenyewe umetoa funzo zuri kuliko filamu. Kwenye sinema, meli ya Wajerumani inazama na hadithi inaishia hapo. Katika vita vya kweli, meli yao kubwa ziwani, Graf von Götzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 karibu na Kigoma. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Mwaka 1997 Liemba iliwarudisha Kongo makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa Tanzania. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Meli iliyojengwa kwa ajili ya koloni na kupewa mizinga ya vita ndiyo iliyobeba mama na watoto na magodoro yao. Hiyo nayo inastahili filamu.

Kabla filamu hiyo haijaja, kuna kazi isiyohitaji kamera ya Hollywood. Kijana aliyekuwa na miaka 20 pale Ruiki mwaka 1951 leo amepita miaka 90, kama bado yuko hai. Watoto wake na wajukuu wake wapo. Redio za Ubundu na Kisangani ziende kuwauliza. Na katika kambi za wakimbizi wa ndani, kila familia ichukue daftari la mtoto wa shule na iandike: jina la kijiji, siku ya kukimbia, nani aliyembeba nani, nani aliwapokea, nani hajaonekana hadi leo. Waandishi wa habari wanaofika kambini na kuuliza idadi ya watu, waulize na majina, wakiyalinda pale ambapo kuyataja kunaweza kuleta hatari.

Siku moja mtu atakuja kutengeneza filamu juu ya vita vya mashariki ya Kongo. Akute daftari hizo zipo, ili asiseme kwamba hakujua wakaaji walienda wapi.