Kazi za Mikono: Mguu wa Kiti Wenye Goti

Seremala aliyekwisha kujua kutengeneza meza ya miguu iliyonyoka aghalabu hutamani kujaribu kazi iliyo ngumu zaidi. Kazi moja iliyowapima mafundi wengi ni mguu wa kiti uliopindika kama mguu wa mnyama: juu una goti lililotokeza nje, chini yake hupungua hata kuwa kifundo chembamba, kisha huishia katika unyayo. Miguu ya namna hii ilienea Uingereza katika miaka ya kwanza ya karne ya 18, na Thomas Chippendale, fundi wa London, aliionyesha katika kitabu chake cha michoro ya samani kilichotolewa mwaka 1754. Hata leo mafundi wa Uingereza na Marekani hujifunza kuichonga.

Mtu autazamaye mguu huo hudhani kwamba siri yake ni wepesi wa mkono. Sivyo. Siri yake ni utaratibu, na sehemu kubwa ya kazi huamuliwa kabla chombo chenye makali hakijagusa mti.

Kwanza fundi hukata kiolezo cha ubao mwembamba chenye umbo la mguu. Kisha huchagua kipande cha mti cha mraba, kama inchi 3 kila upande, kisicho na ufa na ambacho nyuzi zake zimenyoka. Huchora kwa kiolezo juu ya pande mbili zinazopakana, akikigeuza ili magoti ya michoro yote miwili yaelekee pembe ile ile. Matundu ya kuingizia ndimi za fremu huchimbwa wakati huo, mti ungali mraba, kwa sababu mti uliokwisha kupindika ni taabu kuushika katika jiriwa na kuupima. Samaki mkunje angali mbichi.

Baada ya hayo hukata upande wa kwanza kwa msumeno mwembamba. Vipande vinavyotoka havitupi, kwa kuwa mchoro wa pili umo juu yake. Huvirudisha mahali pake, huvifunga kwa utepe, kisha hukata upande wa pili. Vikiisha kuondolewa, mguu huonekana, ingawa bado una pembe kali. Pembe hizo hupunguzwa kidogo kidogo kwa tupa ya mbao na randa ndogo ya mikono miwili, hata kifundo kiwe mviringo. Ikiwa unyayo ni wa kucha zilizoshika mpira, kazi ya bobari hufuata.

Wanafunzi hukosea hasa katika mambo mawili. Wengine hupinda mchoro kupita kiasi ili upendeze. Nyuzi za mti hukatika kifundoni, na siku mtu mzito aketipo, mguu huvunjika. Wengine humaliza mguu mmoja kabisa kabla ya kuanza wa pili, na mwishowe miguu minne haifanani. Yafaa kila hatua ifanywe kwa miguu yote minne kabla ya kuendelea na hatua nyingine.

Mbao nzuri ni ghali, wala mti uliokatwa vibaya haurudi. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye busara huchonga mguu wake wa kwanza katika mti laini wa bei ndogo, na kuutundika karakanani uwe mfano wa kupimia ile itakayofuata.